Tasbihi, pumzi na presha: je, meditesheni inatosha kuacha vidonge?

Swali: Nina miaka 54, naishi Tanga. Miezi minne iliyopita kliniki walinipima siku tatu tofauti, wakakuta presha yangu iko kwenye 152/94. Nikapewa amlodipini ya miligramu 5, nameza kila asubuhi, na sasa niko kwenye 138/86 hivi. Binti yangu aliyeko Uingereza ananihimiza nifanye meditesheni, anasema wapo walioacha dawa kabisa. Nilijaribu kwa kufuata video kwenye simu: unavuta pumzi kubwa harakaharaka, kisha unaibana. Nikaishia kizunguzungu, vidole vikafa ganzi, moyo ukaenda mbio. Je, meditesheni inashusha presha kweli? Naweza kuacha vidonge? Nilijiumiza? Na haigongani na dini yangu? Mimi ni Muislamu.

Jibu: Mama, nianze na vidonge, maana hapo ndipo penye hatari: usiviache. Meditesheni inashusha presha, hilo ni kweli, lakini inashusha kidogo, na kwa hesabu yako haikufikishi mahali pa kuachana na dawa. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2008 ulijumlisha majaribio tisa ya meditesheni ya aina ya Transcendental, yaani ya kukaa kimya ukirudia neno moja moyoni. Waliotafakari, wakilinganishwa na wenzao ambao hawakutafakari, walishuka kwa wastani wa 4.7 kwenye namba ya juu na 3.2 kwenye namba ya chini. Ondoa kiasi hicho kwenye 152/94 uliyoanza nayo, unabaki na 147/91. Hiyo bado ni presha ya kupanda. Sasa ondoa kiasi hichohicho kwenye 138/86 ya leo, ukiwa na amlodipini yako, unafika 133/83. Faida yako iko hapo: iongeze juu ya kidonge, usiiweke mahali pa kidonge.

Na hizo tano usizidharau. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi wa majaribio 48 ya dawa za presha, yenye watu karibu 345,000. Kila namba ya juu iliposhushwa kwa 5, matukio makubwa ya moyo na mishipa, yaani kiharusi, shambulio la moyo na moyo kushindwa kazi, yalipungua kwa asilimia 10 hivi. Kiharusi peke yake kilipungua kwa asilimia 13. Huko namba ilishushwa kwa dawa, si kwa pumzi, kwa hiyo siwezi kukuahidi asilimia zilezile. Lakini inaonyesha kwamba namba ndogo ina uzito ikidumu kwa miaka.

Hao walioacha dawa "kabisa" wakajiona salama, huenda wengine wao amlodipini yenyewe imewahadaa. Dawa hii inakaa mwilini muda mrefu. Nusu yake huchukua kati ya saa 30 na 50 kutoka kwenye damu. Mtu akiacha Jumatatu na kuanza kutafakari siku hiyohiyo, Jumatano akijipima ataona 138, atashukuru, atapiga simu kwa ndugu zake wote. Kumbe anayeishikilia presha bado ni kidonge cha Jumapili. Inapanda kidogokidogo, na kwa kawaida baada ya wiki moja au zaidi inakuwa imerudi ilikotoka, bila kelele, bila kichwa kuuma, kwa sababu presha kwa watu wengi haina dalili. Kwa dawa nyingine mambo ni mabaya zaidi. Mwenye kutumia atenololi au klonidini akikatisha ghafla, presha na mapigo ya moyo huweza kuruka juu kupita pale palipokuwa mwanzo. Hizo hazikatishwi hata siku moja bila daktari kupanga namna ya kuzipunguza.

Kuhusu kizunguzungu, hukujiumiza. Ulifuata zoezi lisilokufaa. Mtu aliyekaa tu akivuta pumzi kubwa na za haraka hutoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoizalisha. Hewa hiyo ikipungua mno kwenye damu, mishipa ya ubongo husinyaa, ndiyo kizunguzungu. Neva nazo huwa na wepesi wa kusisimka, ndiyo ganzi ya vidole na mara nyingi ya kuzunguka midomo. Moyo kwenda mbio ni mwili kushtuka. Ukirudi kwenye pumzi ya kawaida hali inatulia ndani ya dakika chache. Kubana pumzi kwa nguvu ni kosa jingine kwa mwenye presha, kwa sababu shinikizo la kifuani hupanda na presha ya damu nayo hurukaruka. Kwa hiyo video yoyote inayokwambia uheme kama uliyekimbizwa, au ubane hadi ushindwe, ifute. Hata mikao ya yoga ya kusimama kwa kichwa iache.

Kinachokufaa ni kinyume chake: pumzi isiyo kubwa, ya polepole, isiyobanwa.

Mishipa mikubwa ya shingoni na ule mkubwa unaotoka kwenye moyo ina vihisi vinavyopima shinikizo la damu kila pigo. Damu ikisukuma sana, vihisi hupeleka habari kwenye ubongo, nao hupunguza kasi ya moyo na kulegeza mishipa. Kwa mwenye presha ya muda mrefu vihisi hivi huwa vimezoea namba ya juu na vimekuwa vizito kuitika. Wakati huohuo upande wa neva unaoandaa mwili kwa vita au mbio unakuwa macho mno, ukiiambia mishipa ijibane hata mtu akiwa sebuleni anamenya machungwa. Sasa, kila unapovuta pumzi moyo huongeza kasi kidogo, na kila unapoitoa hupunguza. Ukipunguza pumzi hadi kama sita kwa dakika, yaani pumzi moja kwa sekunde kumi, wimbi hili la moyo linaoana na wimbi la asili la presha lenye mwendo huohuo, na vihisi vinaitika vizuri zaidi. Upande wa vita unapunguza sauti. Ndiyo maana katika zoezi zima hili sehemu ninayoitegemea zaidi ni kutoa pumzi kwa utulivu. Mengine ni ya kuisaidia hiyo.

Ushahidi wenyewe haulingani kwa kila aina. Chama cha Moyo cha Marekani kilipopitia mwaka 2013 njia zisizo za dawa wala chakula, mazoezi ya mwili kama kutembea kwa kasi ndiyo yaliyopata daraja la juu. Chini yake vikafuata vifaa vinavyomwongoza mtu apumue polepole, chini ya pumzi kumi kwa dakika. Meditesheni ya Transcendental ikawekwa kwenye kundi la "inaweza kufikiriwa", na aina nyingine hazikupendekezwa kwa kazi hiyo kwa sababu majaribio yalikuwa machache au dhaifu. Mwaka 2017 chama hichohicho kikaitazama meditesheni kwa upana kuhusu magonjwa ya moyo, kikasema inaweza kuongezwa kwenye matibabu yanayotambulika. Kuongezwa. Mwambie binti yako neno hilo.

Sasa dini. Wasiwasi wako una msingi. Transcendental imetoka India kwa Maharishi Mahesh Yogi, hufundishwa kwa ada, mwanafunzi hupewa neno lake la siri, na mwalimu hufanya ibada fupi yenye asili ya Kihindu kabla ya kufundisha. Muislamu au Mkristo anayesita hapo hajakosea kusita. Lakini neno lile si lazima. Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, alianza kwa kuwapima watu wa Transcendental mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970: walipotulia, mwili ulitumia oksijeni kidogo na pumzi zilipungua. Alipoendelea akaona vinavyohitajika ni viwili tu: neno au sala fupi inayorudiwa, na kutoyakasirikia mawazo yanapoingia, bali kurudi kwenye neno. Akawaruhusu wagonjwa wachague wenyewe neno, na wengi walichagua sala za dini zao.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi kwa swali lako. Mwaka 2001 watafiti wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi waliwachukua watu wazima 23 wenye afya, wakawapima wakisali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini, na wakitamka mantra ya yoga, yaani maneno machache ya kurudiarudia. Zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika, na vihisi vya shinikizo vikaitika vizuri zaidi. Hakuna aliyewaambia wahesabu pumzi. Urefu wa maneno ndio uliozipanga. Walikuwa watu wazima wa afya, kwa hiyo huo si uthibitisho kwamba rozari inatibu presha. Unachoonyesha ni kwamba mwili unaitikia mwendo wa pumzi, uwe unatamka kwa lugha gani au kwa imani gani.

Basi tasbihi yako inatosha kuwa chombo. Hukumu ya kidini muulize sheikh wako. Mimi naongelea pumzi peke yake. Na nakushauri kitu kimoja: usiuguse uradi wako wa baada ya swala. Watu wengi humaliza 33 kwa nusu dakika, vidole vinakimbia, na hapo pumzi hainufaiki chochote. Tenga wakati mwingine mahsusi. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moyoni hadi nne, kisha itoe polepole kwa hesabu sita, na ndani ya kutoa huko tamka kwa sauti ya chini "Subhanallah" moja, umeivuta taratibu. Sogeza punje moja. Punje 33 kwa mwendo huo ni dakika tano na nusu. Mzunguko mzima wa punje 99, ukiendelea na "Alhamdulillah" na "Allahu Akbar", ni dakika kumi na sita na nusu. Muda ambao Benson alipendekeza ulikuwa kati ya dakika 10 na 20, kwa hiyo tasbihi moja kamili ni dozi moja, na wala huhitaji saa. Msomaji Mkristo anaweza kutumia "Bwana, unihurumie" kwa kila pumzi ya kutoa. Salamu Maria ya Kiswahili ni ndefu, ukiikamilisha yote kwa pumzi moja utahema. Asiye na dini ahesabu tu, au atumie neno kama "tulia".

Kaa kwenye kiti chenye mgongo, hata kile cha plastiki, nyayo zote mbili chini. Ukipenda mkeka, egemea ukuta na unyooshe miguu. Kukunja miguu kwa robo saa kwa umri wetu kunaleta ganzi na utakuwa unaufikiria mguu badala ya pumzi. Usilale, utasinzia. Legeza kinachobana: ukanda wa gauni, sidiria, pini ya mtandio chini ya kidevu. Weka mkono mmoja juu ya kitovu. Pumzi ikiingia tumbo linausukuma mkono kidogo, mabega hayapandi. Mabega yakipanda unavuta kubwa mno. Hilo ndilo kosa la kwanza la karibu kila mtu: akiambiwa "polepole" anaelewa "nyingi", anajaza kifua hadi juu, na baada ya dakika tatu midomo inaanza kuwasha, yaleyale ya video. Pumzi iwe ya ukubwa wa kawaida, ila imenyooshwa.

Ukiona nne kwa sita inakunyima hewa, usijilazimishe. Anza na tatu kwa nne. Hiyo ni pumzi nane na nusu kwa dakika, na bado iko chini ya kumi. Kaa nayo wiki nzima, kisha ongeza hesabu moja upande wa kutoa. Mwenye pumu au mapafu yenye matatizo asiende zaidi ya pale anapojisikia huru, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu.

Mawazo yatakuja. Ada ya shule, jirani aliyekopa, nyama iliyoko jikoni. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani wameshindwa, lakini kuondoka na kurudi ndilo zoezi lenyewe. Ukigundua umekwenda mbali, usijikaripie, rudi kwenye punje uliyoishikilia. Ukipoteza hesabu, anza popote. Jambo moja tu usilifanye: usikae unasikiliza kama presha inashuka. Kujichunguza kwenyewe kunaamsha ule upande wa vita.

Mara mbili kwa siku ndiyo kiwango ambacho majaribio mengi ya Transcendental yametumia. Baada ya alfajiri kabla nyumba haijaamka panafaa sana, na mara ya pili kati ya alasiri na magharibi au kabla ya kulala. Usifanye mara tu baada ya wali wa mchana, utalala. Simu iweke chumba kingine. Kama siku imekuelemea, punje 33 tu ni bora kuliko kuacha. Ukimaliza fumbua macho, kaa dakika moja, kisha simama taratibu ukiwa umeshika kiti, hasa anayetumia vidonge vya kukojosha, kwa maana presha yake huweza kuanguka akinyanyuka ghafla.

Usitegemee matokeo wiki ya kwanza. Majaribio mengi hupima baada ya wiki nane hadi kumi na mbili, na wewe jipe nane kabla ya kuamua.

Sasa kupima, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu watu wengi wanaodai meditesheni imewatibu, na wengi wanaodai haifai kitu, wote wamepima vibaya. Mtu anajipima akitoka jikoni, anaona 146. Anakaa kutafakari robo saa, anapima tena, 134. Anaandika: imeshuka 12! Lakini mtu yeyote akikaa kimya robo saa, hata akiangalia ukuta, atashuka. Namba hiyo inakueleza umepumzika, haikuelezi presha yako ya siku nzima, na hiyo ya siku nzima ndiyo inayoumiza figo na ubongo. Kwa hiyo usipime kabla na baada ya zoezi. Pima wiki na wiki.

Fanya hivi. Kabla hujaanza mazoezi, jipime siku saba mfululizo: asubuhi mara mbili kwa kupishanisha dakika moja, jioni mara mbili vilevile. Asubuhi iwe baada ya kwenda haja ndogo, kabla ya kidonge, kabla ya chai au kahawa, kabla ya tasbihi. Zitupe za siku ya kwanza, mwili huwa bado unashtuka na kipimo. Zinabaki namba 24 za juu na 24 za chini, zijumlishe, gawa. Huo ni wastani wako wa mwanzo. Baada ya wiki nane rudia siku saba nyingine kwa saa zilezile na kipimo kilekile. Tofauti ya moja au mbili ni ya kupuuza, presha hucheza kiasi hicho yenyewe. Ikishuka nne au tano na huku hukubadilisha dawa wala chakula, umepata kile tafiti zinachokiahidi. Kumbuka pia kwamba kwa kipimo cha nyumbani mpaka wa presha ya kupanda ni 135/85, si 140/90 ya kliniki, kwa sababu nyumbani mtu huwa ametulia zaidi.

Kabla ya kubonyeza, kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono uko juu ya meza na mkanda uko usawa wa moyo. Mkono ukining'inia tu, namba inaweza kupanda kwa kumi. Kuongea wakati mashine inajaza, au kibofu kilichojaa, ni karibu kumi nyingine. Mkanda ugusane na ngozi; mkono wa gauni uliokunjwa ukabana juu yake unaharibu kipimo. Na saizi: chukua utepe wa fundi cherehani, zungusha katikati ya mkono wa juu. Mikanda mingi ya kawaida inayokuja na mashine ni ya sentimita 22 hadi 32. Ukiwa na 35 na ukatumia mkanda mdogo, mashine itakupa presha usiyokuwa nayo. Mashine za kuvaa kwenye kifundo cha mkono sizipendekezi, na zile programu za simu zinazodai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera zisikupotezee muda.

Kuna mambo yanayoweza kuimeza faida yote ya tasbihi bila wewe kujua. La kwanza ni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila duka la dawa linauza kwa ajili ya goti na mgongo, hushikilia chumvi na maji mwilini na kupandisha presha. Anayemeza kila siku anaweza kufuta kazi ya wiki nane kwa wiki moja. Mwambie daktari, akupe mbadala. Vidonge vingine vya mafua vyenye kufungua pua hufanya hivyohivyo. La pili ni chumvi: Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo ndani hesabu mkate, vipande vya viungo vya supu, achari na ng'onda. Ng'onda peke yake anaweza kumaliza mgao wa siku nzima. Mloweke na kumwaga maji mara mbili kama huwezi kumwacha. La tatu ni kukoroma kwa nguvu kunakokatikakatika usiku na kuamka umechoka. Huo ni ugonjwa wa pumzi usingizini, unapandisha presha, na hakuna meditesheni ya mchana inayoutibu.

Kutembea kwa kasi nusu saa siku tano za wiki kunashusha presha kuliko kutafakari. Nikilazimishwa kuchagua kimoja kwa ajili yako ningechagua kutembea. Bahati nzuri havigombani. Kuna wanaohesabu hatua na pumzi pamoja, hatua tatu ndani na nne nje, na hata hivyo kikao cha kukaa kimya kibaki pale pale.

Si kila mtu anatulizwa na kimya. Mwenye kumbukumbu za mateso, msiba mbichi au hofu kali akifumba macho anaweza kuona yale anayoyakimbia. Afumbue macho, aangalie kitu kimoja mbele yake, au aache kukaa na badala yake atembee. Mwenye ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti asianze bila daktari wake kujua. Na mjamzito mwenye presha asiguse ushauri huu kabisa: presha ya mimba ni habari nyingine, aende kliniki siku hiyohiyo.

Kuna namba ambayo ukiiona hutulii na tasbihi wala hungoji miadi. Ni 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, upande mmoja wa uso au mwili kulegea, maneno kutotoka vizuri, kuona giza, au kichwa kuuma vibaya kwa namna usiyoizoea. Hapo ni hospitali, mara moja. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, nenda hata kama kipimo kinasoma 130. Ukiona 180 bila dalili yoyote, kaa dakika tano, pima tena kwa usahihi; ikibaki palepale, muone daktari siku hiyohiyo, na usijiongezee vidonge mwenyewe.

Miadi ijayo ya kliniki nenda na daftari lenye wastani wa mwanzo na wa wiki ya nane, na mashine yako pia ili walinganishe na yao. Wastani ukishuka hadi karibu 110 juu, au ukianza kuona kizunguzungu ukisimama, hapo ndipo pa kuuliza, "Daktari, tunaweza kupunguza dozi?" Atakayekubali hatakuacha uende, atapunguza kidogo, akutake ujipime wiki kadhaa, kisha aangalie tena. Kwa wenye presha ya mpakani, wasiozidi 140/90 na wasio na kisukari wala ugonjwa wa figo au moyo, mazungumzo hayo hutokea. Wewe ulianzia 152, kwa hiyo nenda ukijua kwamba jibu linaweza kuwa la hapana, na tasbihi itakuwa imefanya kazi yake hata hivyo.

Hukuuliza kuhusu Ramadhani, lakini itafika. Amlodipini ni ya mara moja kwa siku, kwa hiyo mara nyingi huhamishiwa futari au daku bila tatizo. Mwambie daktari wiki mbili kabla, hasa kama ataongeza kidonge cha kukojosha, maana hicho kwenye joto la Tanga na mfungo kinaweza kukukausha. Kikao cha asubuhi kihamishe baada ya daku, ukiwa unasubiri alfajiri, na cha jioni kiwe saa moja hivi baada ya futari, tumbo likishatulia.